Kabureta ya Mbuzi Haina Kosa

Jumatatu, 9 Juni

Sijawahi kumwambia mtu. Si Mama, si rafiki, si hata mto wangu ambao huwa naunong'oneza kila kitu. Naandika mara moja halafu nafunga: kabureta ya Mbuzi haina kosa. Haijawahi kuwa na kosa. Mwenye kosa ni mguu wangu wa kushoto.

Basi. Nimeandika. Paa halijaanguka.

Nieleze vizuri, nisije nikasoma haya uzeeni nikajiona mwendawazimu. Mbuzi ni pikipiki. Ni ile aina ya kupandia mawe: nyembamba, haina siti ya maana, unaiendesha umesimama kama mtu anayechungulia juu ya ukuta wa jirani. Mgeni mmoja aliyekuwa akiishi Usa River alimwachia Mjomba Khalfani alipokuwa anarudi kwao. Ngarenaro nzima ilimcheka Mjomba. Pikipiki isiyobeba abiria! Tanki dogo kama chupa ya uji! Ikakaa nyuma ya gereji yake, kuku wakaigeuza kiota, mpaka siku niliyokwenda kuokota mayai nikajaribu kuipanda. Sijashuka tena.

Mashindano hufanyika kwenye korongo huko Nduruma. Mwalimu Frederick anachomeka vibendera kati ya mawe, wewe unapita katikati. Hakuna mbio. Sheria ni moja tu: mguu usiguse chini. Ukigusa, anahesabu. Kwa sauti!

Nikiwa peke yangu Mbuzi hapandi jiwe, anapaa. Watu wakinitazama, mguu wa kushoto unashuka wenyewe. Kabla Mbuzi hajayumba! Ni kama darasani. Mwalimu anauliza kwa Kiingereza, jibu ninalo, lipo mdomoni, vichwa vinageuka, mdomo unafunga. Akiuliza kwa Kiswahili unafunga vilevile, kwa hiyo tusisingizie lugha.

Mwezi wa nne niligusa chini mpaka Mwalimu Frederick akaacha kuhesabu, kwa huruma. Mjomba akaja mbio akiuliza kimetokea nini. Nilitaka kusema: macho ya watu. Nikasema: nadhani kabureta. Neno moja tu. Tangu hapo kila Jumapili anaifungua, anaipuliza, anaiinua kwenye mwanga, anatafuta. Haoni kitu. Na hanilaumu mimi. Analaumu miwani yake.

Leo sasa ndiyo balaa lenyewe. Tunaishi ua mmoja na Mjomba, sisi chumba cha mbele, wao cha nyuma, na chai ya asubuhi tunakunywa pamoja. Mjomba akasema Saadi, yule muuza pikipiki zilizotumika kule Themi, amepata ya mawe ambayo ni mpya kuliko Mbuzi. Shokapu laini. Stata ya kitufe. Yuko tayari kuitoa, ila achukue Mbuzi pamoja na mashine ya upepo.

Mashine ya upepo! Bila hiyo gereji ya Mjomba ni kivuli chenye spana. Bodaboda wote wanakuja kwa ajili ya upepo, ndipo wanakumbuka kwamba na cheni imelegea.

Mjomba akasema mtoto wa dada yake hataendelea kuaibishwa na chuma kizee. Akaniuliza: tubadilishane na Saadi, au Mbuzi tumfunge vifaa vipya, au tumwache alivyo? Akasema uamuzi ni wa Najat, maana anayepanda mawe ni Najat. Najat ni mimi. Jibu linatakiwa Jumamosi, siku ya mashindano, Saadi atakuwepo.

Nikatikisa kichwa. Mpaka sasa sijui kilitikisika kuelekea wapi. Lakini Mjomba alikwenda moja kwa moja kuipaka grisi mashine ya upepo, kama mtu anayemwogesha mtoto kabla ya safari. Nadhani kilisema ndiyo.


Jumanne, 10 Juni

Nina mpango!

Kabla ya Jumamosi Mbuzi awe ameboreshwa, apendeze, awe wa kisasa, kiasi kwamba hakuna mwenye akili timamu atakayembadilisha. Mashine ya upepo inabaki. Kabureta inasahaulika. Mimi sisemi kitu kwa mtu yeyote. Nimeupanga wote nikiwa nakuna nazi, na Mama akashangaa leo nimekuna mpaka kifuu.

Kwanza uchunguzi. Nikamwandikia Nanyori. Tunasoma naye kidato cha nne, kwao ni Olmotonyi, mlimani, na anapanda pikipiki ya kuazima kutoka kwa baba yake mdogo, Yiamat. Ni ya zamani kuliko Mbuzi. Lakini Nanyori hagusi chini. Yule msichana hata akitembea nina shaka kama anagusa chini. Nikamuuliza, kwa kuzungukazunguka, amebadilisha nini kwenye pikipiki yake. Niliandika, nikafuta, nikaandika, nikatuma, nikajuta.

Akajibu kwa sauti, anacheka, nyuma ng'ombe wanalia. Hajabadilisha kitu! Ila kamba ya klachi ilikatika akaunga kwa waya wa uzio.

Waya wa uzio! Nimesikiliza tena na tena. Mtu mwenye siri kubwa hucheka hivyohivyo.

Kisha nikaenda kwa Shomari, mtoto wa Mjomba. Shomari ni bodaboda, na tangu azaliwe mdomo wake haujafungwa. Nadhani wakati wa kugawa maneno alipewa na yangu. Nikamwambia nataka Mbuzi aboreshwe. Akaruka. Aisee dada, siku zote nasubiri mtu aseme, hiyo chuma inatutia aibu kijiweni! Nikataka kumweleza: shokapu za mbele zinavuja kidogo, vikanyagio vinateleza, vitafutiwe vyenye meno. Wenzake wakasogea. Wakanitazama.

Nikasema: fanya utakavyoona.

Nikaondoka haraka. Nilipofika kona nikafikiri labda ningeeleza kidogo zaidi. Lakini kurudi ni kutazamwa mara ya pili.


Jumatano, 11 Juni

Ya Rabi!

Mbuzi ana siti. Siti ndefu, nyekundu, imeshonwa uzi wa dhahabu. Ana keria. Ana bampa la chuma mbele, linaweza kumsimamisha fahali. Ana redio. Ana taa za buluu chini ya tanki, zinawaka na kuzima. Shomari alisimama kando yake kama bwana harusi anayesubiri picha. Akauliza, unaonaje?

Nikasema asante. Kwa mdomo wangu. Asante!

Kijiwe kizima kilikuja kuishika siti. Tangu Mbuzi aingie Ngarenaro hajawahi kupewa heshima. Solomoni, mwenyekiti wao, akatangaza kwamba sasa hii ndiyo pikipiki, ile ya jana ilikuwa mifupa. Mwingine akasema ukiwa na hii unachukua maharusi wawili na mpambe. Niliona wanafurahi kweli. Mtaani kwetu chombo kisichobeba mtu kinaonewa huruma, na wao walimwondolea Mbuzi huruma kwa mikono yao. Ningesema nini? Kwamba siti inanizuia kusimama? Kwamba kwenye mawe bampa ni nanga?

Ndipo Mama Eliya, muuza nyanya, alipopanda. Hakuuliza. Akafunga tenga kwenye keria, akakaa, akanipiga bega: Sokoni Kilombero, mwanangu, wateja wananisubiri. Mtu mwingine angesema, samahani mama, hii si ya abiria. Mimi nikasema: haya mama.

Nikapita vichochoroni, maana sina leseni. Wala sikuwa na nia ya kubeba mtu. Kuna mfereji umefukuliwa, Mbuzi akauvuka. Kuna mawe ya mtu anayejenga, akayapanda. Kuna ngazi za nyuma ya duka. Ngazi! Mama Eliya hakuona hata moja. Alikuwa ananisimulia mgongoni habari za mkwe wake wa Moshi, ambaye anaosha mchele mara moja tu na bado anajiita mke. Nikawa naitikia ehe, ehe mama, hapo kakosea kabisa. Mpaka sokoni mguu wa kushoto ulikaa mahali pake. Haukugusa chini hata mara moja.

Tulipofika mbele ya soko mafuta yakaisha. Tanki la Mbuzi halikuundwa kwa watu wenye wakwe. Mama Eliya akashuka, akasema naendesha vizuri kuliko wavulana wale, wao wanaropoka tu, akanipa nyanya za kutosha mchuzi. Nikasukuma Mbuzi mpaka nyumbani, redio ikiimba njia nzima. Sikujua inazimiwa wapi. Na nani ningemuuliza!

Nimetafakari jioni yote. Mfereji, mawe, ngazi, na mguu haukushuka. Lazima kuna sababu. Nimeipata. Uzito! Siku zote Mbuzi alikuwa anakosa uzito nyuma.

Kesho: mchanga.


Alhamisi, 12 Juni

Ukungu tangu asubuhi. Mlima Meru haukuonekana kabisa, kana kwamba umeitwa mahali. Nilikwenda Themi, kando ya mto, nyuma ya ukuta wa nyumba isiyokwisha. Hakuna watu. Nikaujaza mfuko mchanga, nikaufunga kwenye siti kwa mpira.

Ajabu! Tulipanda jiwe lile refu. Tulishuka. Tuligeuka juu yake kama kwenye meza. Nilipokuwa pale juu nikasikia mtu anaongea. Nilikuwa mimi. Nilikuwa namwambia Mbuzi, taratibu, hapo, haya twende. Sikumbuki mara ya mwisho nilisikia sauti yangu bila kujiuliza kwanza kama imetoka vizuri.

Nikasema: mchanga ndio jibu. Nikageuza kichwa. Nanyori!

Alikuwa amekaa juu ya ukuta na madumu ya maziwa matupu. Alikuja mjini na yeyoo wake, ndivyo wao wanavyomwita mama, kupeleka maziwa, akasikia injini. Akapunga mkono, akasema endelea, nilikuwa natazama.

Mguu ukashuka. Nikajaribu tena, ukashuka. Safari ya tatu mfuko ukapasuka, mchanga ukamwagika wote, nikawa nimesimama katikati yake kama fundi ujenzi aliyefukuzwa. Nanyori akauliza kwa upole kwa nini nilibeba mchanga.

Nikasema: kabureta.

Hata halikuwa jibu la swali lile! Limezoea tu kutoka. Nanyori akainama akaitazama kabureta kwa heshima. Kisha akachorachora chini kwa kijiti, akasema kuna jambo. Pikipiki ya baba yake mdogo inarudi kwa mwenyewe mwezi ujao. Amesikia Mbuzi anakwenda kwa Saadi. Kama ni kweli, yeyoo amekubali kutoa ndama ili wamchukue Mbuzi. Lakini akasema hataki kumchukua ikiwa roho yangu bado ipo kwake. Niseme ukweli tu, hatakasirika.

Kuna watu wabaya duniani, wenye roho nyeusi, unawachukia na unalala vizuri. Mimi nimepewa Nanyori. Nashindwa hata kumwonea wivu vizuri.

Nikasema hakuna shida. Nikarudia, hakuna shida kabisa! Nikatabasamu mpaka masikio yakauma.

Sasa niko nyumbani, na shida imejaa chumba kizima. Nikifumba macho namwona Mbuzi akiwa juu ya mawe na Nanyori juu yake, hawagusi chini, wanaondoka, hawageuki nyuma.


Ijumaa, 13 Juni

Leo nilikwenda kusema ukweli. Iandikwe kwamba nilikwenda.

Baada ya swala Mjomba alikuwa gerejini bado na kanzu, anaifuta mashine ya upepo kwa kanga kuukuu. Nikasema shikamoo Mjomba. Akasema marahaba mama, kaa. Akaniambia aliinunua mashine hii kabla Shomari hajazaliwa, na kwamba Shomari alijifunza kelele kwake. Nikauliza haimuumi kuitoa? Akaendelea kufuta. Akasema kuna siku mwaka jana alipita Themi akaniona juu ya jiwe, sikumwona. Nilikuwa naongea na pikipiki. Akasema katika ukoo wetu kila mtu ana kelele, mimi peke yangu sina, na alidhani ndivyo nilivyoumbwa, mpaka siku ile. Akasema kumbe huyu anasemea juu ya jiwe. Basi mtu wa namna hiyo apewe chombo kisichomkatiza maneno.

Kumbe ameniona nikiwa mzima, halafu amekubali kabureta. Ameamini pikipiki inanikatiza. Anatoa mashine yake kwa ajili ya kitu ambacho hakipo.

Nikafungua mdomo. Nikasema: Mjomba, si—

Bodaboda akaingia, anataka upepo. Mashine ikanguruma. Akaondoka.

Nikasema: Mjomba, mimi ndiye—

Mkokoteni. Upepo. Mashine ikanguruma.

Nikasema: Mjomba.

Mwanafunzi na mpira wake wa miguu. Upepo!

Hapo nikagundua jambo. Ile mashine ikinguruma hakuna anayesikia chochote. Mjomba kainama na mpira, kanipa mgongo. Basi nikasema. Nikasema yote! Mguu, macho ya watu, mwezi wa nne, kabureta nzima kama siku ilipotoka kiwandani, na kwamba sitaki pikipiki ya Saadi, namtaka Mbuzi, na nisamehe. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo kwa mtu mzima. Nilisema mpaka machozi yakanitoka. Ilikuwa rahisi sana!

Mjomba akageuka, akaona midomo yangu inacheza. Akazima mashine. Kimya. Akauliza: nini, mama?

Nikasema: kabureta.

Akakunja mikono ya kanzu, akaifungua tena.

Kesho ni mashindano, kwa hiyo jioni mimi na Shomari tulitoa siti, keria, bampa, redio na zile taa. Shomari hakupiga kelele. Hilo lilinitisha. Mwishoni akauliza kama siti haikunipendeza. Nikasema ilinipendeza sana. Akasema uzi wa dhahabu alishona mwenyewe. Nikatamani kumkumbatia, nikamshikia spana.


Jumamosi, 14 Juni

Baridi. Manyunyu. Mawe ya korongo yanateleza kama yamepakwa mlenda. Watu walijaa kuliko mwezi wa nne: wakulima wa vitunguu, kijiwe kizima cha Ngarenaro, na Mama Eliya na tenga lake. Akaniita kwa sauti mbele ya umati: dereva wangu huyo! Nikatamani korongo lijifunike.

Saadi alikuja na gari la mizigo, ile pikipiki nyingine imefungwa kamba nyuma. Nyeupe. Nzuri. Sitasema uongo humu, ni nzuri sana. Mjomba akaniambia nipande niijaribu. Nikabonyeza kitufe ikawaka mara moja, kimya, kama muuguzi. Nilikaa juu yake nikaisikiliza. Haikudai chochote kwangu. Mbuzi ukimwasha inabidi umbembeleze, umpige kiki, umtukane kidogo, halafu mnakwenda mkiwa mmeshazungumza. Hii sikujua nianzie wapi. Nikashuka. Mjomba akauliza, vipi? Nikasema inawaka vizuri.

Kipande cha kwanza. Nikagusa chini mbele ya Saadi. Saadi akatabasamu kama mtu aliyekwisha kula. Shomari akapiga mayowe, Najat dada yangu, usiogope watu! Kila akiita jina langu vichwa vinageuka, vichwa vikigeuka mguu unashuka. Mwalimu Frederick anahesabu. Nanyori alipita kabla yangu na waya wake wa uzio, hakugusa. Mjomba alisimama pembeni ameshika bisibisi.

Tukasogea kipande cha pili. Gari la Saadi likakwama kwenye tope, mimi na Mbuzi tuko nyuma yake, tairi likazunguka. Tope lote likaja usoni kwangu. Lote! Kioo cha helmeti kikazibwa, kikabaki kitundu cha ukubwa wa yai. Mtu mwingine angevua helmeti akafuta. Lakini kuvua ni ushungi kukaa upande, ni watu kusogea, ni Shomari kucheka. Filimbi ikalia. Nikaondoka hivyohivyo.

Ndani ya kitundu kulikuwa na jiwe. Kisha jiwe lingine. Kisha tairi la mbele. Basi. Hakuna Saadi, hakuna kijiwe, hakuna kichwa cha mtu. Nilikuwa kwenye chumba kidogo cha udongo, mimi na Mbuzi. Nikamwambia taratibu. Nikamwambia hapo. Akapanda. Maji yalipita chini, nikayasikia, sikuyaona. Nikamwambia haya, twende. Hatukuiona bendera ya mwisho, kwa hiyo tukaendelea. Tukapanda na jiwe ambalo halikuwa la mashindano, tukapanda na ukingo, tukasimama kwenye nyanya za Mama Eliya.

Sifuri. Mwalimu Frederick alitangaza mara mbili, mara ya pili kwa ajili yake mwenyewe. Nanyori ameshinda kwa jumla, kama kawaida, akaja akanikumbatia na tope langu lote. Mama Eliya hakudai nyanya. Mjomba aliinua bisibisi juu. Kisha sauti ikaja.

Kabureta!

Akamshika Saadi bega. Akamwambia biashara imekwisha, asikasirike, chuma hakina ubaya wowote, ilikuwa uchafu kwenye kabureta na jana ameupata, mashine ya upepo haiendi popote. Akanigeukia mbele ya watu wote: sivyo, mama?

Vichwa vikageuka. Nikatikisa kichwa.

Safari hii najua kilitikisika kuelekea wapi.

Nanyori alikuwa ameweka kiganja kwenye tanki la Mbuzi. Akakiondoa polepole. Akasema hongera.


Jumapili, 15 Juni

Mjomba aliingia gerejini kabla ya chai. Amewatangazia kijiwe chote kwamba siri ya kabureta ameijua, na leo anawatengenezea bure, shukrani kwa ajili yangu. Wakapanga foleni. Akageuza skrubu za kabureta zao zote zikae kama ya Mbuzi.

Kufika adhuhuri Ngarenaro nzima ilikuwa inakohoa. Moshi mweusi mpaka msikitini. Pikipiki ya Shomari inapiga baruti, kuku wamehamia kwa jirani. Solomoni alizimikiwa njiani, abiria akashuka akatembea kwa miguu, akafika kwanza. Walikuja wote gerejini, Solomoni mbele, wanauliza Mjomba amezifanya nini. Mjomba akasema zimezoea vibaya, zipewe muda. Walipoondoka akakaa juu ya tairi. Akavua miwani. Akaifuta, akaitazama ile miwani, akaifuta tena.

Nilikuwa mlangoni. Mashine ya upepo ilikuwa imezimwa, hakuna mteja. Sentensi yote nilikuwa nayo, nimeshaifupisha, ina maneno machache tu. Nilisimama pale muda mrefu mpaka akaniuliza kama nataka chai.

Nikanywa chai.

Halafu nimekuja chumbani nikafikiri kwa utulivu, kama mtu mzima. Mbuzi ni mzima. Kabureta ni nzima. Mguu nao ni mzima. Tatizo ninalijua, nimeliandika mwenyewe ukurasa wa kwanza, halijabadilika hata nukta. Sasa jana kilibadilika nini? Kitu kimoja tu! Kwa hiyo uamuzi wangu nautoa rasmi: Mbuzi haboreshwi, habadilishwi, anabaki alivyo. Kinachoboreshwa ni helmeti. Kioo kipakwe rangi ya kahawia, kibaki kitundu cha yai. Sijui kwa nini nilihangaika wiki nzima. Nimefikiria na ya kuvaa darasani, ila mwalimu wa zamu hatakubali.

Helmeti nimempelekea Shomari. Akauliza nataka ikaeje. Wenzake wakageuka kunitazama.

Nikasema: fanya utakavyoona.

Kandambili. Za Mjomba hizo, moja inaburuza. Anapita uani anakuja huku. Anaita, Najat, mama, upo? Najua anataka nini. Anataka kuniuliza ile skrubu, jana kabla sijaondoka, kama niliigusa, na kama niliigusa niliigeuza kiasi gani. Sentensi ninayo. Ni fupi. Ipo hapa mdomoni kabisa.

Anabisha hodi.

Robo. Nitasema robo, kuelekea kulia. Ngoja niweke hii chini ya